Mashine Haikani CD Yake

Mashine haikani CD yake. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Loyce maneno hayo asubuhi, baada ya Loyce kujisahihishia hesabu mwenyewe na kujipa mia kwa mia. Mkacheka, kisha mkaanza kuulizana: mashine gani, na hiyo CD ni kitu gani? Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Kongwa, enzi zile nyimbo zilipokuwa zikikaa kwenye kisahani chembamba kinachong'aa. Unakitia kwenye deki, ndipo unasikia.

Palikuwa na fundi mmoja, Ezra Ndahani, mwenye kibanda nyuma ya soko, ubavuni mwa kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuchoma CD. Si kuchoma kwa moto, Loyce, usinitolee macho. Kompyuta ina kidroo chake. Unatia CD tupu, na mwanga mdogo ndani unaandika nyimbo juu yake. Ezra alikuwa na mikono mizuri na mdomo mgumu wa kukubali kosa. Alikuwa na desturi moja aliyojivunia sana: hakumpa mteja CD kabla ya kuijaribu. Akishachoma, huirudisha kwenye kidroo kile kile, wimbo ukalia, naye akageuka na kusema, "Umesikia mwenyewe." Na kweli, mteja alikuwa amesikia mwenyewe.

Mwezi wa nane akaja Bi Peresi Lemanya kutoka Sagara, na kanda ya kaseti aliyoifunga kwenye leso. Ndani ya kanda ilikuwamo sauti ya marehemu baba yake akipiga zeze na kumwimbia mkewe. Kanda nyingine ya mzee huyo haikuwapo duniani. Mama yake Peresi alikuwa bado hai, ila macho yalishazimika na mwili nao ulikuwa unakwisha, na kila alasiri aliuliza ni lini atamsikia mumewe. Redio yao ya kaseti ilikufa zamani. Deki ya CD walikuwa nayo, zawadi ya kaka yake Peresi.

Ezra akaipiga kanda ile kwenye redio yake ili sauti iingie kwenye kompyuta. Wimbo ulipomalizika tu, redio ikaitafuna. Utepe ukatoka umekunjamana na kukatika vipande. Peresi akashika kichwa.

"Usihofu, mama," Ezra akamwambia. "Sauti yote imeshaingia."

Akachoma CD, akaijaribu, zeze likalia. Kisha, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa na nafasi ndogo, akaifuta kazi ile kama alivyofuta za wateja wote. Kwa hiyo Mzee Lemanya akabaki kwenye kisahani kimoja tu.

Siku ya tatu Peresi akarudi.

"Mbukwa, fundi," akamsalimu Kigogo. " CD yako imekataa. Deki inaizungusha weee, halafu inaandika hakuna CD."

Ezra akaitia kwenye kidroo. Zeze likalia. "Mama, deki yako ina vumbi," akasema. Hata hivyo akabaki na CD ile, na usiku ule usingizi ulimpaa, maana alikuwa mtu wa kupenda kujua. Asubuhi akainakili kwenye CD nyingine ya bei kubwa. Akapunguza mwendo wa kuchoma, akazima feni isije ikatikisa meza, akaishika CD pembeni kama anashika yai bichi. Akaijaribu, ikaimba. Akampa Peresi zote mbili akiwa na uhakika.

Peresi akarudi tena. Safari hii hakulalamika. Alikaa kwenye benchi, akaweka CD zote mbili mapajani.

"Jana mama alioga, akaomba nguo yake ya sikukuu," akasema. "Tukamkalisha mbele ya deki. Ikazungusha, ikanyamaza. Mama akasema, labda Lemanya hataki kusema nami."

Ezra aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini mazoea yana taabu, jamani! Mkono ukaenda wenyewe kwenye kidroo. "Lakini inaimba, mama. Sikiliza..."

"Fundi," Peresi akamkatiza, "kila nikija unaiuliza mashine hii hii iliyoichoma. Mzazi gani atamkana mwanawe mbele za watu? Iulize ya jirani."

Ezra akautoa mkono kidrooni. Hakukasirika. Maneno yale yalimwingia, akajishangaa jinsi ambavyo hajawahi kufikiri hivyo hata siku moja. Akaichukua CD, akaingia kwa kinyozi na kuitia kwenye deki yake. Hakuna CD. Akavuka kwa mama lishe. Hakuna CD. Akaenda mpaka kwa katekista, Peresi nyuma yake. Hakuna CD. Haiwezekani deki zote za Kongwa ziwe na vumbi siku moja.

Wakarudi kwa kinyozi. Ezra akaona CD ya zamani juu ya kabati, mwandiko wake mwenyewe juu yake. Akaitia, ikapiga muziki bila taabu.

"Hii nilichoma mwezi wa pili," akasema. "Kwa mashine ile ile."

"Ila ile ya wiki iliyopita nayo imekataa," kinyozi akasema. "Niliona bora ninyamaze. Ungeniambia deki yangu ina vumbi."

Hapo Ezra akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akaanza kuwaza kwa sauti. Kompyuta ni ile ile, umeme ni ule ule. Kati ya mwezi wa pili na sasa kimebadilika nini? Akaruka kama aliyechomwa na mwiba. Programu! Alikuwa ameweka programu mpya ya kuchomea, na kila mara ilimwuliza kama CD ifungwe, yaani isiongezwe wimbo tena. Yeye alijibu isifungwe. Tena kwa roho njema kabisa: aliwaachia wateja nafasi, ili wakirudi na wimbo mwingine awaongezee kwenye CD ile ile. Hakujua kwamba deki husoma kwanza orodha ya nyimbo, na orodha hiyo haiandikwi mpaka CD ifungwe. Bila orodha, deki huona sahani tupu. Mashine iliyochoma ndiyo peke yake iliyojua kilichomo.

Akakimbilia kibandani, akaifunga CD ya Mzee Lemanya. Dakika mbili tu. Mkono ukataka kuirudisha kidrooni kuijaribu, akauvuta. Akairudisha kwa kinyozi.

Zeze likalia. Kinyozi akazima mashine ya kunyolea, mteja akabaki amenyolewa nusu kichwa. Mzee Lemanya akaanza kuimba jina la mkewe, na Peresi akalia kwa furaha pale pale mlangoni.

Tangu siku hiyo Ezra aliijaribu kila CD kwa kinyozi, na zile zilizorudishwa akazifunga zote, akiomba radhi. Juma lililofuata Peresi akapita kumpa Ezra na kinyozi habari.

"Mama amesikia?" Ezra akauliza kabla ya salamu.

"Amesikia mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Halafu akasema, 'Waya wa zeze ulikuwa umelegea. Nilimwambia siku ile ile, akanijibu kwamba kwake linalia vizuri.'"

Kinyozi akacheka mpaka akaweka kitana chini. "Kumbe hata mzee!" akasema. "Mashine haikani CD yake!"

Maneno hayo yakatoka kwa kinyozi, yakaingia sokoni. Muuza nyanya akizisifu nyanya zake, anaambiwa hayo. Mwimbaji akijipigia makofi, anaambiwa hayo. CD zenyewe zimekwisha, maneno yamebaki.

Haya, Loyce, lete hilo daftari lenye mia kwa mia, umpe mwenzako alisahihishe upya. Mbona unalificha? Mashine haikani CD yake.