Siku Ishirini na Moja Nje ya Ua

Hapo zamani, na usiniulize zamani ipi, wewe uliyekuja kusikiliza huku unatafuna, palikuwa na mke aitwaye Nkwimba, mumewe Ngasa, na mama mzaa Ngasa, bibi Minza, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzima. Ngasa alikwenda mbali kuchunga ng'ombe wa watu. Miaka minne! Na kila asubuhi ya miaka hiyo bibi Minza alisema neno moja tu: kwamba akimshika mwanawe uso, hata mara moja, basi hata kufa si kitu.

Ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe wakadondokwa mate, wakachechemea, na ndama wakafa boma baada ya boma. Nkwimba alikuwa na ng'ombe mmoja, Kasunzu, tena mwenye mimba. Bwana mifugo akapita akihimiza: fungeni malango, osheni miguu kwa maji ya magadi, na aliyetoka kwa ng'ombe wagonjwa asiingie mpaka zipite siku ishirini na moja. Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakaenda kutembeleana, maana kumzuia mgeni langoni ni aibu. Aliyefunga ni Nkwimba peke yake. Akaweka karai la magadi, akachekwa mpaka akazoea: ng'ombe mmoja, lango la ikulu!

Sasa sikilizeni. Ngasa akarudi, na alitoka kwa ng'ombe wagonjwa, mate yao yamekaukia kwenye nguo zake. Desturi ya kwao, mwanamume akirudi huingia zizini kwanza, humshika ng'ombe paji la uso, ndipo asalimie watu. Akaweka mkono langoni.

"Mwana wa Minza," Nkwimba akasema, "usivuke. Nimekungoja miaka minne, lakini usivuke."

Ngasa akazitazama nguo zake. Kisha akauondoa mkono, akajenga kibanda nje ya ua, akakaa.

Nkwimba akamwambia mama mkwe: ukitaka, toka ukamshike, ila ukitoka nawe hurudi mpaka siku ziishe. Katika mimba ya kwanza ya Kasunzu ndama alikwama, na mkono uliomgeuza ni wa bibi huyu. Hapakuwa na mwingine aliyejua.

"Ndama akikwama tena, nani atamgeuza?" kikongwe akasema, kisha akampazia sauti mwanawe nje ya ua. "Mwanangu, wewe ongea tu. Nitakushika siku zikiisha."

Basi kila jioni wakakaa, mama ndani, mwana nje, kati yao ua tu. Ngasa akasimulia safari zake, na mama akanyoosha mkono mpaka kwenye ua, akaurudisha. Mchana akamfundisha Nkwimba kumgeuza ndama.

Siku ya kumi na tisa bibi Minza hakuamka. Zilibaki siku mbili, jamani, mbili! Nkwimba akambeba mpaka langoni, majirani wakampokea. Ngasa akamshika mamaye uso, nao ulikuwa baridi. Nkwimba hakwenda kuzika. Alibaki ndani akilia na ng'ombe.

Siku zikaisha, Ngasa akaingia. Haukupita muda Kasunzu akazaa. Ndama akakwama, Nkwimba akamgeuza kama alivyofundishwa. Akatoka ndama jike, mzima, na kijiji kizima hakikuwa na mwingine. Wazee wakaja, safari hii wakaosha miguu bila kuambiwa. Kwao ndama wa namna hiyo hupewa jina la aliyemponya, na uzao wake wote huitwa hivyo.

Wazee wakauliza aliyemponya ni nani. Nkwimba akasema lango alilifunga yeye, akamfungia hata ampendaye, na mpaka leo hajui kama amesamehewa. Ngasa akasema lango lenyewe lilikuwa fito tatu tu. Angeweza kulisukuma kwa goti, na mama yake alikuwa hatua mbili, lakini hakulisukuma. Minza hakusema kitu, marehemu hadai. Ila Kasunzu, kila jioni, huenda kusimama pale uani alipokuwa akikaa kikongwe.

Mimi ningemwita nani najua, na sisemi ng'o. Semeni ninyi mliokuja na matope ya maboma mengine miguuni: ndama yule aitwe Nkwimba, aitwe Ngasa, au aitwe Minza?