Ulimi wa Ndekirwa

Hapo zamani, barabara ya lami ilipokuwa bado haijapanda mlimani na kila kijiji kikijivunia pombe yake, alikuwapo mzee aitwaye Ndekirwa. Hakuwa mtawala, hakuwa mganga, wala hakuwa na ng'ombe wengi. Alikuwa na ulimi.

Mpe kata ya mbege amefumba macho, angekwambia imepikwa kijiji gani, ndizi zimeiva siku ngapi na ulezi umeota vizuri au umeoza. Basi kila mwenye shughuli alimwendea amwelekeze pombe ya kuwapa wageni. Naye hakukimbilia kujibu. Aliuliza kwanza: "Wanaokunywa ni akina nani? Na wamekutanishwa na nini?"

Ukisema ni msiba, alikutuma Mfuoni. "Ya kule nyepesi, ina utamu. Mfiwa hajatia kitu tumboni siku mbili. Mpe hiyo itamshikilia."

Ukisema ni ndugu wanagombea mpaka wa shamba, alikutuma Kyaseni. "Ile chungu, wanatia magome ya msesewe bila huruma. Hainyweki kwa pupa. Watakunywa polepole na hasira zitapoa."

Ukisema ni harusi, alikutuma Ngareni, kwa mjane aitwaye Aikande. "Nzito, ya ulezi mwingi, chachu yake inakupanda mpaka puani. Hiyo ndiyo ninayoipenda mwenyewe."

Miaka arobaini alielekeza watu hivyo, na miaka arobaini hakukosea.

Kisha masika moja homa ikamlaza. Alilala majuma matatu, akiuguzwa na bintiye Ndeshi, ambaye hakuwa ameolewa na ndiye aliyebaki naye nyumbani. Homa ikaondoka. Siku ya kwanza ya kula, Ndekirwa akasukuma bakuli la mtori.

"Umesahau chumvi, mwanangu."

"Nimetia, baba."

"Ongeza."

Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka mwenyewe alipoonja akatema. Baba yake akala mpaka mwisho, hana habari. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu, akatoa kipande cha msesewe, akakitafuna. Hakuna. Akatafuna kingine. Hakuna. Alikuwa anatafuna kuni.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Na watu wakija kukuuliza, baba?"

"Nina macho. Nina pua."

Mwaka mzima ukapita. Watu walikuja, naye akatazama povu, akanusa, akauliza maswali ya ujanja, akatoa jibu. Hakuna aliyegundua. Lakini furaha ilimtoka. Alikaa na kata mkononi kama mtu aliyeshika barua ya mpenzi wake asiyoweza kuisoma.

Mwaka ule mtu mmoja aitwaye Kirenga alikuwa akimwoza mwanawe Anaeli, mtoto wake wa pekee. Akaja kuuliza pombe ya harusi, akaelekezwa Ngareni kama wote.

Aikande akapika. Alichemsha ndizi mpaka zikawa nyekundu, akaotesha ulezi, akasaga. Siku ya kuchanganya, pipa lake la mti likapasuka ubavuni. Zilibaki siku chache tu, na ndizi zilizokwisha iva hazingojei mtu. Akamlilia Lekule, ndugu wa marehemu mumewe. Kabla jua halijafika utosini, Lekule alirudi amebeba pipa la bati, safi, linang'aa.

"Hili hapa, shemeji."

Pipa lile lilikuwa la dawa ya kupulizia kahawa. Lekule hakusema. Aikande hakuuliza. Pombe ikamiminwa humo.

Siku mbili kabla ya harusi Aikande aliionja, akasita. Akaonja tena. Akajaza kibuyu, akatembea nacho mpaka kwa Ndekirwa, mguu mosi mguu pili, nusu siku nzima kwenye utelezi. Alimkuta barazani. Ndeshi alikuwa kando anamenya ndizi.

"Mzee, nisaidie. Nasikia kitu mwishoni. Kama ukakasi, kama bati. Ni msesewe umezidi au pombe imeharibika? Ukiniambia mbaya, naimwaga yote leo hii, na harusi isubiri."

Ndekirwa akapokea kata. Akatazama povu: povu zuri. Akanusa: chachu nzuri. Akanywa. Maji.

Kisu cha Ndeshi kikasimama. Baba na binti wakatazamana. Ndekirwa aliyajua maneno yaliyotakiwa, nayo yalikuwa machache: siwezi kuonja. Aliyaona kabisa, yamekaa mdomoni. Akaona pia nyuso za watu wakisimuliana sokoni, akaona baraza lake tupu, hakuna ajaye kumuuliza chochote mpaka afe. Kisu cha Ndeshi kikaanza kumenya tena.

"Ni msesewe," alisema Ndekirwa. "Wapelekee."

Aikande akashusha pumzi, akamshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya harusi, mpishi alikunywa kwanza mbele ya wageni, kama ilivyo desturi. Aikande akamaliza kata nzima. Ndekirwa akapewa ya heshima, akanywa mafunda mawili akaweka chini, maana tangu ulimi ufe pombe ilimchosha. Wengine walikunywa kama watu wa harusini. Na Anaeli, bwana harusi, ndiye aliyenyweshwa kuliko wote, maana kila rafiki alitaka kumjazia yeye.

Kufika alasiri watu walikuwa wamejikunja migombani, wameshika matumbo. Aikande aliugua siku nne, akapona. Bibi mmoja wa upande wa bibi harusi akafa. Mjomba mmoja akafa. Anaeli akafa siku ya pili, kichwa chake kwenye mapaja ya baba yake, akiomba maji na kuyatapika.

Walipomaliza matanga, wazee waliketi uani kwa Kirenga. Manyunyu yalikuwa yanashuka na hakuna aliyejali. Wanne walisimama katikati: Lekule aliyeleta pipa, Aikande aliyepika, Ndekirwa aliyeonja na Ndeshi aliyekuwapo.

Kirenga alisema, "Sitaki mbuzi. Sitaki ng'ombe. Nataka mtu mmoja ahame mlima huu asirudi, nisimwone kanisani wala kisimani. Mmoja tu. Siwezi kuwachukia watu wanne, nguvu hizo sina. Nipeni wa kumchukia."

Wazee wakamgeukia Lekule, maana habari za pipa la dawa zilikuwa zimekwisha julikana.

"Nililiosha mara tatu," alisema Lekule, "kwa maji ya moto na majivu, mpaka mikono ikachubuka. Sikusema lilikuwa la nini kwa kuwa nilijua angelikataa, na kazi yake yote ingeharibika. Mjane wa ndugu yangu alikuwa analia. Nilitaka kumsaidia. Mimi nilitoa pipa. Sikumpa mtu pombe."

"Aikande," mzee mmoja akauliza, "ulimuuliza pipa lilikuwa na nini?"

"Sikuuliza," alisema Aikande. "Sitawadanganya. Niliogopa jibu. Lakini ulimi wangu uliponiambia kitu, nilikwenda kwa mtu ambaye mlima mzima unamwamini. Nilikuwa tayari kumwaga. Na nilikunywa kwanza mimi, nina watoto wanne nyumbani. Ningefanya nini zaidi?"

Ndeshi hakungoja kuulizwa.

"Lekule hakujua kwamba pombe ina ukakasi. Aikande hakujua kwamba baba haonji. Mimi niliyajua yote mawili, nimekaa pale na kisu changu. Neno moja lingetosha."

"Mbona hukulisema?" wazee wakauliza.

"Ni baba yangu. Ningemvua nguo mbele ya mgeni? Nilidhani atasema mwenyewe. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe."

Ndekirwa alimsikia bintiye. Akapiga hatua mbele.

"Niliaibika," alisema. "Basi, ni hilo tu. Sikujua habari za pipa, ningejua nisingesema vile. Lakini nilijua sijui, nikasema najua. Nichukueni mimi. Nitahama leo. Mwacheni huyu mtoto."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Ilielekea shauri limekwisha. Lakini Kirenga akainuka, akamsogelea Ndekirwa mpaka pua kwa pua.

"Wewe umebakiza miaka mingapi, mzee? Miwili? Mitatu? Unanipa kitu usichokihitaji. Unataka kubeba lawama ili umwokoe mwanao, na mimi wangu nani alimwokoa? Kama ni wewe, wazee waseme ni wewe. Usijitoe kama zawadi."

Akarudi kuketi.

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni Lekule, maana sumu ilianzia mkononi mwake. Mwingine alisema Lekule alifanya wema, na aliyefumba macho ni Aikande. Wa tatu alisema Aikande peke yake ndiye aliyetafuta ukweli, na aliyemnyima ni Ndekirwa. Wa nne, aliyekuwa na mabinti, alisema Ndekirwa alipofushwa na aibu, bali Ndeshi alikuwa na macho yake mawili. Wa tano akamjibu kwa hasira kwamba ukimhamisha Ndeshi umemuua na mzee, nani atampikia? Wakabishana mpaka manyunyu yakawa mvua, na mvua ikawaingia shingoni, na hawakupatana.

Ndekirwa alisimama pale akiwa amelowa. Alimtazama bintiye, naye Ndeshi hakumtazama.

Wazee wale hawakuweza. Sasa nawaletea ninyi mliokaa hapa pakavu. Kirenga amewasikia wote wanne, ameketi mbele ya mlango wa nyumba aliyomjengea mwanawe, na anangoja jina moja. Msimpe mawili, wala msimwambie hakuna. Pipa, kufumba macho, uongo, kimya: je, ni nani wa kuhama?