Aliyelala Juu ya Nyayo za Mwenzake

Wapendwa, nipeni dakika chache niwapeleke porini. Hatuendi mbali, na mama aliyeacha maharage jikoni atarudi kabla hayajaungua.

Kulikuwa na mwindaji mmoja. Naona mmeanza kuangaliana, maana hapa kwetu kuna wawindaji wenye kibali na wawindaji wasio na kibali, na hao wa pili leo siwasemi. Huyu wa kwangu alikuwa na kibali. Kijiji chao kiliruhusiwa kuwinda wanyama watatu kwa mwaka, wasizidi, na wawindaji wa pale walikuwa na chama chao, na mzee huyu ndiye aliyekuwa kiongozi. Kwa nini yeye? Kwa sababu ya nyayo. Mtu huyu alikuwa anasoma ardhi. Ukimwonyesha jani lililovunjika atakuambia amepita mnyama gani, dume au jike, alikuwa na haraka au anatembea zake, na kama alipita kabla ya umande au baada yake.

Chama hicho kilikuwa na sheria ya tangu mababu: nyayo kwanza. Unaanza chini, kwenye udongo, unamfuata mnyama kwa miguu yako. Akikustukia akakimbia, mwache, siku hiyo ni yake, rudi kesho. Na nyama ya kwanza ya msimu haikuliwa nyumbani kwa mwindaji. Ilipelekwa uwanjani, wakagawiwa wazee na wajane, na aliyempata mnyama ndiye aliyekata mafungu kwa mkono wake. Mzee wetu aliupenda sana wakati ule. Kila bibi akipokea fungu lake alimbariki, akamtaja mpaka na baba yake aliyemzaa, naye akarudi nyumbani ameshiba kabla hajala.

Sasa, mwaka mmoja watu fulani wenye magari walifika katika pori lile na ndege nyuki. Mnazijua, vile vidude vinavyoruka na kamera, siku hizi hakuna harusi bila kimoja kupita juu ya vichwa vya watu. Wakakirusha, wakaona kundi la pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, limejificha bondeni, wakalizunguka kwa magari pande zote. Pofu wale walikimbia mpaka wakaanguka kwa kuchoka, na ndama wakabaki wanahangaika peke yao. Kijiji kikaitisha mkutano. Na nani alisimama wa kwanza? Mwindaji wetu.

"Ndugu zangu," alisema, "mnyama asiyepewa nafasi ya kukimbia hajawindwa. Huyo amechinjwa. Naomba tupige marufuku, mtu yeyote asitafute mnyama kutoka angani, awe mgeni, awe mwenyeji."

Mikono yote ikapanda. Sheria ikaandikwa, na yeye akawa wa kwanza kutia dole gumba.

Haya. Sheria ni rahisi kuitunga ukiwa umeshiba. Msimu ule mwindaji alitoka mara nne, na mara zote nne akarudi mikono mitupu. Msimu uliofuata, hivyo hivyo. Magoti yalikuwa yameanza kumgomea, akiinama kusoma nyayo, kuinuka ni kazi. Misimu yote miwili nyama ya kwanza ililetwa na mwenzake mmoja, mfyatua matofali, mtu mpole asiye na maneno mengi, na watu wakaanza kunong'ona kwamba chama kinataka kiongozi mwingine. Mzee alisikia. Lakini kilichomuuma zaidi si cheo. Kilichomuuma ni kwamba ule mwaka wa pili, pale uwanjani, mfyatua matofali alimletea yeye fungu la wazee. Alimletea kwa heshima kabisa, kwa mikono miwili. Akalipokea, akasema asante, na alipofika nyumbani akamwambia mkewe ale yeye, hana njaa.

Msimu wa tatu ulipokaribia, mkwe wake akaja kutoka mjini kuwasalimia. Kazi ya huyo mkwe ilikuwa kupiga picha za harusi, na ndani ya begi lake mlikuwa na nini? Mmeshajua.

"Mkwe," mzee alisema walipomaliza chai, "hicho kidude chako kinaweza kufika kwenye korongo la kule nyuma ya mlima?"

"Kinafika, baba. Ila si ninyi wenyewe mlikipiga marufuku?"

"Tulikataza kuwinda nacho. Mimi nataka kutazama tu. Macho hayana pazia."

"Na ukishaona, baba, si utaenda?"

"Nitaenda kesho. Leo natazama, kesho nawinda. Hizo ni siku mbili."

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnaijua hiyo njia. Ni mara ngapi sisi tumeikata dhambi vipande viwili ili kila kipande kionekane kidogo? Mkwe naye angefanya nini? Baba mkwe habishiwi. Akakirusha.

Kwenye kioo cha simu mzee akamwona tandala dume, pembe zimejizungusha vizuri, amelala kichakani chini ya korongo, katikati ya mikwaju miwili. Akaona na njia ya kushuka majini. Akaona na mahali pekee pa kutokea. Miaka arobaini ameingia pori lile na hajawahi kuliona lote kwa mara moja. Wala goti halikumuuma. Alijisikia mtu mkubwa, na nadhani hapo ndipo alipoanza kupotea.

Kesho yake asubuhi alitoka peke yake kwa njia ya pembeni, asikutane na wenzake. Na huko njiani, wapendwa, hakutazama chini hata mara moja. Atazame nini? Picha anayo kichwani. Alipanda mpaka ukingoni mwa korongo, akalala kifudifudi mchangani, akaelekeza gobole lake katikati ya ile mikwaju miwili. Akasubiri. Jua likaanza kupanda. Halafu mle kichakani, palepale alipopajua, kitu cha rangi ya udongo kikasogea.

Kidole kilikuwa tayari. Alishawaona wajane wamekaa uwanjani na sahani zao, alishasikia jina la baba yake likitajwa. Akavuta pumzi, akaishikilia.

Kichaka kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu, kikohozi cha tumbaku, na mzee alikijua, kijiji kizima kilikijua. Alikuwa ni mfyatua matofali, amechuchumaa pale alipolala mnyama, ameweka kiganja juu ya majani yaliyolaliwa apate kujua kama bado yana joto. Tandala mwenyewe alikuwa ameondoka tangu alfajiri. Ile picha ilikuwa ya jana.

Mzee akaliweka gobole chini polepole. "Ni mimi," akaita, na sauti ilitoka ndogo sana.

Mfyatua matofali akainua uso. "Kiongozi. Umefika saa ngapi huko? Mimi nimepita hapohapo ulipolala, wala si muda mrefu. Nyayo zangu hukuziona?"

Mzee akajiinua kwa viwiko, akatazama chini ya kifua chake. Mchangani, wazi kabisa, palikuwa na alama za katambuga, vile viatu vya matairi, na mistari yake yote. Mtoto wa chekechea angeziona. Mtu aliyesifiwa kwa jicho kuliko wote kijijini alikuwa amelala juu ya nyayo za mwenzake, huku amemlenga mwenye nyayo.

Hapo angeweza kusema lolote. Nani alijua? Angesema alikuwa anapumzika, na mwenzake angeamini. Lakini alishuka lile korongo, kwa magoti yale yale, akaenda kusimama mbele yake na kumweleza yote: mkwe, kidude, siku mbili, kidole.

"Nilikuwa nimekulenga wewe," akasema. "Mimi niliyeiomba ile sheria. Umepona kwa kikohozi chako."

Mfyatua matofali akakaa chini. Akatoa tumbaku yake, ikamwagika. Mzee akabaki amesimama, kwa sababu mtu aliyeelekezewa bunduki ana haki ya kusema analotaka na kwa muda anaoutaka. Mwenzake akasema, "Hili utalisema mbele ya chama."

"Nitalisema."

"Leo."

"Leo hii."

"Basi." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Huyu tandala ametokea hapa akapanda yale mawe. Mimi juu ya mawe nyayo zinanipotea. Wewe hazikupotei. Magoti yakikusumbua, shika bega langu."

Mzee alikuwa analia. Lakini aliinama. Miaka miwili alikuwa anaogopa kuinama, na siku hiyo akainama, mkono wake mmoja uko begani mwa mtu ambaye nusura amuue, akaanza kutafuta jani lililovunjika.

Mnataka kujua kama tandala alipatikana. Nawaona, hasa ninyi mliokaa nyuma. Mimi nitawaambia hivi: asubuhi walitoka kijijini kila mmoja kwa njia yake, na jioni walirudi wawili pamoja. Chama kikakutana siku hiyohiyo, mzee akasema yote bila kupunguza. Wakamnyang'anya gobole kwa msimu mzima. Kisha wakaamua kwamba msimu huo hakuna atakayeingia porini bila yeye, awafundishe kusoma ardhi kabla macho yake hayajachoka. Mkewe anasema usiku ule alikula akamaliza sahani.

Sasa tuje kwetu sisi.

Humu ndani sijaona mwenye ndege nyuki, labda yule mpiga picha wa harusi ya Jumamosi. Lakini kurusha, tunarusha. Mume anaoga, mke anapekua simu. Mke ametoka, mume anauliza majirani. Binti wa watu akirudi kwao tunajua amerudi saa ngapi na ameshushwa na nani. Na sisi wazee wa kanisa ndio tumezidi, nami nimo, msidhani najitoa. Tunajua kila mtu huangukia wapi. Kichaka chake tunakijua, na njia yake ya kutokea tunaijua. Tunalala ukingoni tunamsubiri, na mtu akituuliza tunasema, "Mimi natazama tu."

Kumsema mtu kutoka juu ni rahisi, magoti hayaumi. Lakini niulize swali. Yule ndugu uliyemwona jana amelala dhambini, una hakika leo bado amelala? Umeenda kupapasa majani? Labda alishatoka tangu alfajiri. Labda ameondoka pale akilia, na wewe huku bado umelenga, kwa sababu una picha ya jana.

Kama yupo mwenye haki ya kututazama kutoka juu na kutumaliza, ni Mungu. Yeye anaviona vichaka vyetu vyote. Hatuna korongo asilolijua. Angetaka, asubuhi moja ingetosha. Alifanya nini? Alishuka. Bwana wetu alikuja kwa miguu, akakanyaga vumbi hili hili, akachoka, akaomba maji ya kunywa. Na tulipomstukia tukakimbia, hakutukimbiza mpaka tuanguke. Alituacha tukaenda, na kesho yake akaja tena kututafuta, na kesho kutwa akaja tena. Ndiyo maana mimi nipo hapa nazungumza, na ninyi mpo hapa mnanisikiliza.

Kwa hiyo wiki hii kuna mtu mmoja. Kila mmoja wetu ameshamfikiria, usigeuke kumtazama. Usiulize habari zake, usimtafute kwa simu za watu. Amka uende kwake kwa miguu yako, na ukiwa njiani tazama chini. Utaona yupo aliyepita hapo kabla yako. Yuko kichakani na ndugu yako sasa hivi, amechuchumaa, ameweka mkono palipolaliwa, anapapasa kama bado pana joto.