Nani Akae na Mama Kwenye Kigari?

Leo niacheni nimalize, maana kila nikiisimulia hadithi hii watu wananikatiza katikati kama wao ndio walikuwepo. Maswali baadaye.

Kule Mufindi, kwenye baridi ya mashamba ya chai, kuna mama mmoja anaitwa Tusekile. Miaka ishirini na saba alibeba mifuko ya wachezaji wa gofu, na Jumatatu, siku ambayo wabeba mifuko huruhusiwa kucheza, aliwashinda wanaume wote. Ana watoto watatu, watu wazima. Gwamaka, wa kwanza, ni king'ang'anizi. Akisimama mlangoni pako haondoki mpaka umfungulie. Atupele, wa kati, ana jicho la makosa; mpe karatasi yoyote, atakuonyesha palipokosewa. Lusajo, wa mwisho, hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Na wote watatu ni wabishi. Wabishi jamani!

Mwezi wa tano daktari akawaambia kwamba macho ya mama yao yanakwisha. Vya karibu bado anaviona, vya mbali havioni tena, na mwaka hautaisha kabla hajaingia gizani kabisa. Sasa, mama huyu alikuwa na hamu moja tu maishani: acheze gofu mara moja kwenye ule mji wa mahoteli huko Uarabuni, walikopanda majani mabichi katikati ya jangwa. Wachezaji aliowabebea mifuko walimsimulia habari zake miaka yote hiyo. Wanawe wakaamua wampeleke.

Uwanja wa kule haumpokei mchezaji asiye na kadi ya kiwango chake, na michezo ya Jumatatu haikuwahi kuandikwa popote. Gwamaka akaenda kwa katibu wa klabu ya kwao Mufindi mara kumi na moja, akimwombea mama kadi.

"Wewe tena?" katibu akauliza.

"Mimi tena. Na kesho pia."

Mwishowe katibu akasalimu amri. Mama akacheza raundi tatu mbele ya shahidi, akidhani ni mazoezi tu, na kadi ikatoka. Bila kadi, safari hakuna.

Haya, sasa sikieni ujinga. Kwa kuwa Julai watu wa Mufindi wanatetemeka, walipanga kwenda jangwani Julai, wakaote jua! Katika miezi yote kumi na miwili, wakachagua huo. Atupele alipoangalia kwenye simu joto la kule, akapiga kelele.

"Digrii arobaini na tatu! Tunampeleka mama akacheze au tukamwanike kama dagaa?"

Wakasogeza hadi Novemba, lakini Novemba dunia nzima inataka kwenda huko. Atupele akawaandikia watu wa uwanja kila siku, mwezi mzima, mpaka akapata nafasi moja iliyoachwa na mtu, Jumamosi saa moja kamili asubuhi. Bila nafasi hiyo, safari pia hakuna.

Mnadhani yameisha? Mama akakataa.

"Nipande ndege nikaangalie mchanga? Mchanga wa uwanja wa gofu nimeusawazisha miaka ishirini na saba!"

Wale wakubwa wawili wakambembeleza, mara mapumziko, mara hoteli, kwa sababu hawakuwa wamemwambia alichosema daktari. Watu wazima hao! Lusajo ndiye aliyekaa naye jikoni akasema, "Mama, macho yako hayaponi. Ikifika Krismasi hutaona hata mkono wako. Twende ukayaone majani yale kabla."

Mama akamaliza chai yake. Kisha akauliza, "Viatu vyangu vya gofu mmeviweka wapi?"

Wakaenda. Saa moja kasorobo wako uwanjani. Kule hairuhusiwi kutembea kwa miguu, watu wanapanda vigari, na kigari kina viti viwili tu. Wao wanne, vigari viwili. Atakayekaa na mama ndiye atakayekuwa macho yake, amwambie bendera ya shimo iko wapi na mpira umeangukia wapi. Ugomvi ukaanza palepale.

"Kadi nilileta mimi," alisema Gwamaka.

"Na kadi yako ungempeleka Julai akafie juani!" Atupele akamjibu.

"Nyie mngekuja wenyewe," alisema Lusajo. "Mama angebaki nyumbani."

Najua mnachotaka kusema: si wapokezane? Mama alishakataa!

"Kazi hii naijua," aliwaambia. "Mchezaji akisikiliza watu wawili, mpira unaingia kichakani. Nataka sauti moja, shimo la kwanza mpaka la kumi na nane."

"Basi chagua wewe, mama."

"Nimewazaa watatu. Msinilazimishe kumkataa mmoja, leo, na macho haya."

Msimamizi wa uwanja akatazama saa mara ya tatu. Nyuma yao wachezaji wengine wanne walikuwa wanasubiri, wanakohoa makusudi. Mama akachoka nao. Akainama, akapapasa, akauweka mpira juu ya kijiti chake, akapiga. Lo, ule mlio! Mpira ukapaa juu ya majani yale mabichi, ukanyooka. Mama akabaki ameinua uso, haoni kitu, anangoja.

"Umeenda wapi?"

Wote watatu wameuona. Wote watatu wamefungua midomo. Mimi nimebishana na watu juu ya hili mpaka nimekoma. Haya, wewe uliyenisikiliza hadi hapa, mama anasubiri: ungemwachia nani amjibu?