Leseni Ndani ya Pakiti ya Unga

Kaeni vizuri, maana hukumu ya kesi hii ni yenu.

Mtaa wa Bondeni ulikuwa na wazoa taka watatu. Siwema alichambua, na angekwambia mfuko umetoka nyumba gani bila kuuliza mtu. Ngwali alisukuma mkokoteni; uchochoro ambao mbuzi angesita kuuingia, yeye alipita na mzigo. Havijawa alitengeneza kadi za harusi kwa karatasi za kuokota, na hakuna karatasi iliyowahi kuchanika mikononi mwake.

Jumatano asubuhi Bi Chiku, mjane, aliwajia akilia. Alikuwa ameficha leseni ya makazi ndani ya pakiti ya unga, wezi wasiione. Mjukuu naye hakuiona. Kaona wadudu, katupa. Na Ijumaa afisa ardhi anakuja: nyumba isiyo na leseni inapigwa X nyekundu, kisha inavunjwa.

"Si ofisini wana nakala?" Siwema aliuliza.

"Wanayo, mwanangu. Wamesema nipeleke yangu ndio waiamini yao."

Lori la taka, ambalo huja siku likijisikia, siku hiyo lilikuwa limewahi. Walilikuta limeshapakia, linaondoka. Ngwali akausukuma mkokoteni wake mbele ya magurudumu. Ukavunjika vipande vipande, lori likasimama.

"Una wazimu?" dereva aliuliza.

"Ninao. Shusha."

Ikashushwa mifuko mia mbili, yote myeusi, yote inanuka sawasawa. Siwema akaanza kuifungua mmoja mmoja.

"Huyu kaacha pombe, hongera yake. Hawa wamegombana, sahani tatu." Akasimama. Maganda ya magimbi, machicha ya nazi, mchaichai. "Bi Chiku huyu hapa."

Mkono ukazama mpaka kwapani, ukatoka na pakiti.

Ila ilikuwa imelowa. Unga na leseni vimekuwa donge moja, kama andazi bichi. Havijawa akalichukua. Siku mbili alilishikilia juu ya mvuke wa sufuria, akibandua kwa unyoya wa kuku, kisha akaipiga karatasi pasi kati ya kanga mbili. Ijumaa ikasomeka mpaka muhuri.

Afisa aliinusa, akapiga chafya, akasema iko sawa.

Kwa shukrani Bi Chiku akatoa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, bure maisha yote. Siwema alikumbuka miaka tisa ya kuchambua juani.

"Tuandike sote watatu," alimwambia mtendaji wa mtaa, aliyeshika fomu ya kumwandikisha mwenye chumba.

"Fomu ina mstari mmoja, dada."

"Ongeza mwingine kwa kalamu."

"Nikiongeza haitakuwa fomu tena."

Ngwali akacheka. "Chagua jina wewe, Siwema. Hatutanuna."

"Mimi nitanuna kidogo," alisema Havijawa, "lakini andika."

Siwema akashika kalamu. Bila yeye, pakiti ingeishia dampo. Bila Ngwali, asingekuwa na mfuko wa kufungua, na sasa Ngwali hana hata gurudumu. Bila Havijawa, afisa angeletewa andazi; na kadi zake hulowa kila mvua ikinyesha.

Mtendaji akatazama saa. Ofisi inafungwa.

Semeni basi, nyie mliokaa: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?