Picha Mbili za Bibi Tumwitike

Shauri lenyewe liliitwa hivi: "Uteuzi wa Kifaa Kimoja cha Kudumu cha Kupigia Picha kwa Matumizi ya Halmashauri ya Wilaya ya Isyeto, Awamu ya Pili, Marudio." Jina hilo lilikuwa refu kuliko barabara ya lami ya wilaya nzima. Lakini tusianzie kwenye jina. Tuanzie hapo zamani, zamani ya juzijuzi, wakati ukungu wa Isyeto ulikuwa huuhuu na wakuu wa idara walikuwa wengine.

Hapo zamani, basi, alikuwapo Bibi Tumwitike, mjane, aliyekaa peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya njia panda. Nyuma ya nyumba migomba, mbele ya nyumba barabara, katikati yeye. Majirani walikuwa watu wema, ila walikuwa mbali, na mvua ya Isyeto humfanya hata mtu mwema abaki kwake. Siku ziliingia na kutoka bila mtu kubisha hodi. Mara nyingine mbuzi aligusa mlango kwa pembe, na Bibi akaitika, "Karibu!" kabla hajakumbuka. Akafungua, akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Haya, umeshakaribishwa."

Alikuwa na mwana mmoja tu, Ambakisye. Huyo aliondoka akiwa kijana, akavuka mpaka kwenda Kitwe kutafuta kazi ya malori. Kwenda si kosa; kosa ni kwamba alikwenda kabla matanga ya baba yake hayajaondolewa, watu wakiwa bado wamelala sebuleni kwenye mikeka. Bibi, mwenye uchungu wa mume na uchungu wa mwana kwa siku moja, alimwambia mbele ya wafiwa wote: "Ukitoka leo, siku utakayorudi ubishe hodi kama mgeni." Kijana akatoka. Akatoka kweli. Na Bibi akabaki na lile neno ndani ya nyumba, kama mtu aliyefungiwa na nyoka.

Baada ya miaka mingi alisimama kanisani wakati wa matangazo, mara tu baada ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Akasema: "Atakayenirudishia mwanangu, huyo naye nitamfanya mwanangu. Ataingia kwangu bila hodi mpaka nife." Watu wakaitika amina. Walikuwa wamemwitikia amina hata yule ng'ombe.

Sasa, Halmashauri. Wakala wa mjini aliwaletea kamera mbili za kujaribu: wachague moja, nyingine airudishe. Moja iliitwa ya fremu kamili, nyingine iliitwa ya fomati ya kati. Ya fremu kamili ilikuwa nyepesi, ya haraka, inaona hata gizani. Ya fomati ya kati ilikuwa nzito, ya taratibu, lakini kile kioo chake cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kikubwa zaidi, na kilichoingia humo hakikupotea hata uzi.

Mwenyekiti wa kamati alivua miwani. "Yaani hiyo iliyo kamili ni ndogo kuliko hiyo ya kati?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kubwa kuliko zote inaitwaje? Nusu?"

Ikaandikwa kwamba wajumbe walipata ufafanuzi wa kutosha.

Halmashauri ilikuwa na wapiga picha wawili, Sekela na Gwakisa. Sekela alikuwa dada mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyeanza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Gwakisa alianzia kazi kwenye picha za vitambulisho, na tangu hapo hakuona sababu ya mtu kucheka mbele ya lenzi. Sekela akapewa ya fremu kamili, Gwakisa akapewa ya fomati ya kati. Wakaambiwa: kamera itakayobaki, mpiga picha wake abaki nayo makao makuu. Mwenzake atahamia Idara ya Mifugo, kata ya juu kabisa, kupiga picha za hereni za ng'ombe, zile za namba wanazovishwa masikioni.

Sekela akatoka mbio, akafika njia panda. Aliona jambo ambalo watu wa Isyeto walikuwa wameliona hadi wakaacha kuliona. Kila gari lilipopunguza mwendo pale njia panda, Bibi Tumwitike aliinuka barazani. Hakusimama; aliinuka nusu, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine ukijifuta kwenye kanga, kisha gari likapita naye akakaa. Likija jingine akainuka nusu. Likapita, akakaa.

"Shikamoo bibi. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Simsubiri mtu. Magoti yananiuma nikikaa sana."

"Basi nikae nami, nayapumzisha yangu."

Akakaa. Kesho yake akaja tena, na kesho yake tena, na mahindi ya kuchoma mkononi, akibisha hodi kwa sauti ya kuwaamsha kuku. Bibi alilalamika kwamba binti huyu ana kelele. Alilalamika akiwa ameshachemsha chai ya watu wawili.

Jioni moja ukungu ulishuka mpaka migomba ikapotea. Gari likapunguza mwendo. Bibi akainuka nusu. Sekela akapiga, taktaktaktak, kamera ikala kile kigiza bila kulalamika. Katika picha moja kati ya zile nyingi uso wa Bibi ulikuwa uso ambao bado haujajua kuwa aliyemo garini siye. Kabla yake alikuwa kizee aliyekaa, baada yake kizee aliyekaa. Pale katikati tu alikuwa mama wa mtu.

Picha ikawekwa kwenye ukurasa wa Halmashauri, chini ya maneno "Wananchi Wakifurahia Barabara." Simu zikairusha, ikavuka mpaka, ikaenda zake.

Akaja Gwakisa. Alibisha hodi moja, kwa adabu, akasubiri mvuani hadi aitikiwe. Akasimamisha stendi ya miguu mitatu. Akasogeza kiti cha Bibi. Akakirudisha. Akatazama mawingu.

"Usicheke, bibi."

"Nicheke nini, mwanangu? Umekuja na meza isiyo na ubao."

Gwakisa hakucheka, lakini picha ilimharibikia, akaanza upya. Asubuhi nzima walikaa hivyo, yeye akingoja mwanga, Bibi akiwa ametulia. Hawakuzungumza. Mwanzoni Bibi aliona haya. Baadaye akagundua kwamba ukimya huu haukuwa ule aliouzoea. Ule ulikuwa wa mtu mmoja. Huu walikuwa wanaugawana. Wingu likakaa mahali pake. Klak. Kamera ikapumzika. Baada ya muda, klak, basi.

Siku hiyo ya baridi Bibi alikuwa amevaa sweta la shule, la kijani, mikono mifupi, haimfiki viganjani. Lilikuwa la Ambakisye. Utotoni alikuwa na tabia ya kutafuna ukingo wa mkono wa kushoto, mpaka nyuzi zikawa kama ndevu. Bibi aliyejua kushona soksi hadi soksi isikumbuke tundu lake hakuwahi kuugusa ukingo ule. Gwakisa hakuyajua hayo. Alipiga alichokiona, na kamera ikachukua kila mkunjo, kila unywele, kila uzi uliotafunwa.

Ushirika wa chai ukaipenda picha, ukaikuza bango kubwa kama ukuta wa ghala, ukalitundika Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka.

Zikapita wiki. Asubuhi moja Bibi akasikia, "Hodi."

Sekela hubisha kwa kelele, Gwakisa hubisha mara moja. Hii ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye hana hakika kama anatakiwa. "Hodi," ikarudia. "Hodi, wenyewe."

Bibi aliijua ile sauti hata ikiwa imeota ndevu. Akataka kusema, "Ingia." Lile neno la siku ya matanga likamzuia. Alisimama katikati ya chumba akiwa amelishika sweta. Nje, mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza alisimama mvuani akitii neno la hasira alilopewa siku ya msiba, na angeendelea kulitii mpaka jioni.

"Hodi, mama."

"Karibu," akasema hatimaye, kama anavyoambiwa mgeni. Na alipoisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, akalia.

Habari ikafika Halmashauri kabla chai haijapoa. Mwenyekiti akafurahi mno, maana kamati ilikuwa imekwama: mjumbe mmoja alitaka kamera nyepesi kwa sababu ya ngazi za ofisi, mwingine alitaka kujua kama megapikseli hukatiwa bima. Sasa palikuwa na kipimo. Kamera iliyomrudisha mwana wa Bibi ndiyo iliyowahudumia wananchi, ndiyo itakayobaki. Wote wakaitwa. Bibi akapewa kiti cha mbele, kile chenye mto.

Sekela akasema: "Ni mimi. Picha yangu ndiyo iliyovuka mpaka. Ile nzito ya kaka Gwakisa ingekuwa bado inafungua miguu yake mitatu, uso ule ungekuwa umeshapita. Uso ule haukai. Nilikwenda pale siku nyingi ndipo nikaupata. Bila mimi, Ambakisye asingejua kuwa kuna mtu anainuka kwa ajili yake."

Gwakisa akasema, na ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote tangu aajiriwe: "Ni mimi. Watu wengi huinuka wakiona gari. Picha ya dada Sekela ni ya mtu anayesubiri, haisemi anamsubiri nani. Yangu inasema: sweta lile, kama tulivyosikia wote, ni la Ambakisye. Ukuze picha yake kama ukuta wa ghala uone kama utapata uzi hata mmoja wa kanga yake. Ni ukungu mtupu."

"Ukungu ulikuwepo!" akasema Sekela. "Ulitaka niufagie?"

"Ningengoja uondoke."

"Isyeto? Ungengoja mpaka ustaafu."

Mwenyekiti akagonga meza, akamgeukia Ambakisye. "Wewe ndiye uliyerudi. Picha ipi?"

Ambakisye akasimama, kofia mkononi. "Mheshimiwa, ile ya kwanza niliipata Kitwe. Nikajua mama yuko hai na anasubiri. Lakini anasubiri nani? Mimi niliambiwa nije kama mgeni, na mgeni hasubiriwi hivyo. Nikaiweka. Sikuja. Nikaitazama kila siku, ila sikuja. Halafu nikiwa Tunduma kwenye foleni nikaliona bango. Bango la chai, nani huangalia bango la chai? Niliangalia kwa sababu uso ule nilikuwa nautazama kila siku. Ndipo nikaona ukingo wa mkono wa sweta langu, haujashonwa. Nikaliacha lori kwa mwenzangu."

"Kwa hiyo ya pili," akasema mjumbe wa megapikseli.

"Bila ya kwanza ningepita."

"Kwa hiyo ya kwanza."

"Bila ya pili ningekuwa Kitwe." Akakunja kofia. "Na mimi nina langu, kama naruhusiwa. Picha hazina miguu. Nilisimama pale mlangoni nikabisha, na ilikuwa ngumu kuliko mpaka wowote niliowahi kuvuka. Kama kuna aliyemrudisha mtoto wa mama yangu, ni mimi. Naomba nisibishe tena."

Gwakisa akamtazama Mwenyekiti, akasema polepole: "Hiyo kamera muipe idara mnayotaka. Mimi nilichokuja kudai ni ule mlango wa Bibi."

Sekela hakucheka. "Na mimi," akasema. "Nina chumba cha kupanga, Mheshimiwa. Hakuna anayenichemshia chai."

Hilo halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti akafungua kanuni, akazifunga. "Mama," akasema, "useme wewe. Uliahidi mmoja. Nani?"

Bibi Tumwitike aliwatazama wote watatu. "Nikimtaja Sekela, huyu kijana Gwakisa ataenda wapi?"

"Kwenye hereni za ng'ombe, mama."

"Nikimtaja kijana?"

"Sekela ataenda huko."

"Huko kuna njia ya kurudi siku hiyohiyo?"

"Mvua ikiruhusu."

Bibi alijua mvua ya Isyeto inaruhusu nini. Akamgeukia mwanawe. "Na wewe nikikutaja, utakaa?"

Ambakisye akatazama viatu vyake. "Mama, wanangu wako Kitwe. Wanasoma."

Bibi hakuwa amesikia habari ya watoto. Akauliza majina yao, akaambiwa, akayarudia kwa sauti ndogo, lile la pili akalikosea.

"Naomba nikafikirie nyumbani," akasema. Ikaandikwa: Shahidi anatafakari. Kikao kikaahirishwa.

Kilichotokea ni hiki. Muda wa majaribio uliisha kabla kamati haijakutana tena, na wakala akaja akazichukua kamera zote mbili. Kwa kuwa hapakuwa na kamera, Sekela alihamishiwa kwenye hereni za ng'ombe, na Gwakisa akahamishiwa hukohuko. Ambakisye alikaa mpaka mahindi yalipopandwa, akarudi Kitwe. Bibi Tumwitike yupo kwake. Ahadi yake hajaifuta, wala hajamtaja mtu.

Sasa ninyi mnaosikiliza, mjibu, lakini msijibu kama kamati. Yupo aliyeuona uso wake katika ule ukungu, yupo aliyenyamaza naye asubuhi nzima, na yupo aliyesimama mvuani akasema hodi kwao. Mlango ni mmoja, na ahadi ni ya mmoja. Je, nani alistahili kuingia bila kubisha?