Sahihi ya Dhahabu ya Daktari

Ndugu zangu, kabla sijalifikia neno la leo, ingieni nami kwenye chumba kimoja cha kazi. Ndani wamo wanawake wawili. Mmoja ni fundi, mwenye kazi yake. Wa pili ni msaidizi wake, mama aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi, mwenye miwani minene. Kazi yao ni kuchapa alama za kumeta kwenye mipira ya gofu.

Najua wengine hamjawahi kuushika mpira wa gofu. Ni mdogo, unatosha kiganjani, na ngozi yake nyeupe ina vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Kuchapa juu ya kitu kama hicho si sawa na kuchapa fulana. Kwanza unaupangusa kwa spiriti utoke mafuta yote. Kisha kidude laini cha raba kinachukua wino kwenye bamba lenye alama na kuubandika juu ya ule uviringo, taratibu, kama unavyombusu mtoto aliyelala. Halafu unauacha ukauke. Ukimaliza, alama inameta kama mgongo wa mbawakawa juani. Na ukiruka ile spiriti, je, utaona tofauti? Huoni. Inameta vilevile.

Sasa, kulikuwa na daktari wa watoto aliyefariki. Alipenda sana gofu. Wenzake wakaandaa mashindano ya kumkumbuka, wakaagiza mipira mia mbili yenye sahihi yake kwa rangi ya dhahabu. Mjane wake ndiye aliyeileta ile sahihi, iliyoandikwa mwishoni mwa barua ya zamani. Akamwambia fundi, "Sina mwandiko wake mwingine. Barua nyingine zilipotea tulipohama. Nitunzie."

Wanawake wale wakagawana kazi, kila mmoja mipira mia na michache ya akiba isiyohesabiwa, kila mmoja na boksi lake. Wakachapa Jumatatu. Alhamisi mchana, mashindano yakiwa Jumamosi, fundi anafagia, anakuta mpira mmoja chini ya meza, umelala katikati ya yale maboksi mawili. Akauokota, akaufuta vumbi kwa kidole gumba. Sahihi ikatoka. Ikatoka yote kama ganda la kitunguu, ikabaki kwenye kidole.

Mpira huu umetoka boksi gani? Na kama huu umetoka rangi, je, iliyobaki?

Akalivuta boksi la msaidizi.

"Dada, Jumatatu uliipangusa mipira yote?"

"Niliipangusa."

"Yote?"

"Yote, mdogo wangu. Mmoja mmoja."

"Maana macho yako siku hizi hayaoni vizuri."

Fundi akaketi chini, akaanza kusugua. Mpira wa kwanza, imara. Wa kumi, imara. Wa hamsini, imara. Na kila uliokuwa imara ulimwongezea hofu badala ya kumpunguzia. Mnajua kwa nini? Nadhani mnajua. Alifika wa mwisho jua linaelekea kushuka, ukucha umevimba, na hakuna hata mmoja uliotoka rangi.

Msaidizi alikuwa akimtazama muda wote huo. Akasema kwa sauti ya chini, "Na ya kwako, mdogo wangu? Tuisugue pamoja. Ikiharibika, kesho asubuhi tunachapa upya, na Jumamosi itakuwa imekauka."

Hapo fundi akakumbuka. Jumatatu ile, saa nne asubuhi, shule ilimpigia simu kwamba binti yake amepelekwa zahanati ana homa kali. Alichapa huku simu ameibana begani. Alipangusa? Akajaribu kuikumbuka chupa ya spiriti mkononi mwake, asiikumbuke.

Akasema, "Ya kwangu naijua." Akalifunga boksi lake kwa selotepu.

Ikafika Ijumaa. Mumewe alimuuliza mtoto anaendeleaje, akamjibu kwa ukali kama aliyetukanwa. Mara mbili alilisogelea boksi na wembe mkononi, mara mbili akaurudisha wembe mezani. Si kwamba alikuwa na uhakika, ndugu zangu. Boksi likiwa limefungwa, angalau lingeweza kuwa zima. Akilifungua, basi.

Jumamosi ikafika. Viti vimepangwa, wageni wamekuja, jua kali. Mwandalizi akamwambia fundi, "Tuchagulie mpira mmoja tumkabidhi mjane mbele ya watu." Msaidizi akasogeza boksi lake. Fundi akachukua kutoka kwenye boksi lake mwenyewe. Alitaka kujiaminisha.

Mjane akaupokea, akaufumbata. Hotuba zilikuwa ndefu. Alikaa nao hivyo hivyo, ngumi juu ya goti, kama mtu aliyeshikwa mkono. Alipoombwa aunyanyue watu wauone, akafungua kiganja. Mpira ulikuwa mweupe mtupu. Dhahabu ilikuwa kwenye ngozi yake, imechanganyika na jasho, herufi moja tu bado inasomeka. Naye hakujua aufumbe tena mkono au auache wazi.

Mwandalizi akageuka. "Nani alichapa huu?"

Watu wakamtazama yule mwenye miwani. Akainamisha kichwa, hakujitetea. Fundi hakuhitaji hata kusema uongo. Kukaa kimya tu kungetosha.

Akasema, "Ni mimi. Ya dada huyu niliisugua yote, haukuharibika hata mmoja. Yangu niliogopa kuigusa."

Mashindano yalichezwa kwa mipira ya msaidizi. Mjane hakumlaumu fundi, wala hakumwambia "si neno". Aliondoka mapema, mkono ameuinua kidogo usiguse nguo.

Ndugu zangu, ile hofu haikumdanganya. Ilimwambia kweli kwamba kuna kazi mbovu mahali. Yeye akaichukua na kuipeleka mlango wa jirani. Na sisi je? Tunapokosa usingizi kwa ajili ya nafsi zetu, asubuhi tunaamka na kumhoji nani? Mke. Mkwe. Kijana wa kwaya. Tunamsugua mpaka ukucha unavimba, na akionekana yu mzima tunakasirika zaidi.

Nami mchungaji wenu nimo humu. Wiki iliyopita nilimwita mzee mmoja wa kanisa, nikamhoji kama wanasali pamoja nyumbani kwake. Akanijibu kwa upole kwamba wanasali. Nyumbani kwangu hatujapiga magoti pamoja tangu Pasaka. Mke wangu ameketi pale mbele, ananisikia nikisema haya kwa mara ya kwanza.

Fundi alikuwa na Ijumaa nzima. Ilikuwepo, ilitosha, na aliambiwa. Sisi hatujui tumebakiwa na siku ngapi, ila leo tunayo.

Basi tusimame. Kila Jumapili huwa nawaomba mumshike mkono aliye karibu mumwombee. Leo msimshike mtu. Kila mmoja ajiombee mwenyewe.